Jasho la Marehemu Shusha, Fundi Lifti

Jirani yetu muuza maziwa aliwahi kuniuliza, tukiwa tunaanika nguo kila mmoja upande wake wa ukuta: "Mama, samahani nikuulize. Hivi baba akishukiwa na Roho humo ndani, na wewe unayelala ubavuni kwake huwa unaungua?"

Mkononi nilikuwa na shuka ambalo nilikuwa nimelifua na kulianika jana yake tu. Nikamjibu kwamba Mungu ni mwema. Akasema amina, akaingia ndani ameridhika, mimi nikabaki pale na kibanio cha nguo mdomoni. Jibu lenyewe nilikuwa nalo, ila sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Leo ninayo. Ndugu, jamaa na marafiki, huu ni wasifu wa mume wangu, na jibu la jirani limo ndani yake. Anayewasomea ni mdogo wa marehemu, maana sauti yangu isingefika mwisho. Nimemwomba asiruke mstari, naye ameahidi mbele ya mama mkwe.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa kinu cha unga na mama aliyefua nguo za bweni la wauguzi. Nyumba yao ilikuwa ndani ya ua wa kinu, chumba na sebule, na mama mkwe anasema watoto wake wote walikua na vumbi jeupe kwenye kope, hata mgeni akidhani ni wazee waliopungua kimo. Geti la kinu lilifungwa magharibi kwa amri ya mwenye kinu, na funguo alikaa nazo baba yao, lakini hakuwa na ruhusa ya kulifungua kwa shida zake mwenyewe. Kwa hiyo walilala ndani kama mizigo. Marehemu alisema ndiyo maana alipenda vitasa kabla hajapenda kitu kingine chochote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza 1972. Hapo kuna kisa ambacho mwalimu wake, Mungu amrehemu, alikihadithia hata siku ya harusi yetu. Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kuwafungia wachelewaji kwenye chumba cha kuhifadhia madaftari na chaki. Siku moja akamfungia marehemu, kisha akaitwa ofisini akasahau. Aliporudi alasiri na kutia ufunguo, akakuta kitasa kilichokuwa kikikwaruza miaka yote kinazunguka kama kimepakwa siagi. Mtoto alikuwa amekifungua kwa ndani kwa pini ya bikari, akakisafisha, akakirudisha mahali pake, kisha akausindika mlango bila kuufunga, akakaa chini kwenye boksi la chaki.

Mwalimu akamuuliza mbona hakutoka.

"Hukuniambia nitoke, mwalimu."

Alichapwa kwa kuharibu mali ya shule, na kesho yake akaitwa kutengeneza vitasa vingine vyote. Baada ya hapo alisoma sekondari miaka minne, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1979.

Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza lifti, akawekwa chini ya fundi mkuu aliyeitwa Babu Grisi. Huyo ndiye aliyempa jina la Shusha, ambalo wengi wenu mlilijua kuliko jina lake la ubatizo. Lifti ikikwama kati ya ghorofa mbili, fundi hupanda hadi chumba cha mashine juu ya jengo, anakata umeme, anaachia breki kidogo kidogo kwa mkono, na kulizungusha gurudumu mpaka kile chumba cha abiria kilingane na sakafu. Babu Grisi alikuwa anasimama chini mlangoni akipiga kelele, "Shusha, shusha, shusha, wee, unataka kunipeleka kuzimu?" Jina likaganda.

Lakini kilichompa heshima kazini hakikuwa gurudumu. Alikuwa na utaratibu wake: kabla hajapanda juu, anakwenda kwanza kwenye mlango wa ghorofa iliyo karibu na waliokwama, anagonga, anajitambulisha, na kuwaambia ukweli. Mafundi wengine walizoea kusema, "Tulieni, dakika mbili tu." Yeye hakusema hivyo kama hazikuwa dakika mbili. Aliwaambia, "Mtakaa humo muda mrefu. Hewa ipo, lifti haianguki. Mwenye viatu virefu avue, mwenye hofu aketi chini." Msimamizi wa jengo moja alimlalamikia kwamba anatisha wateja. Akajibu kwamba mtu aliyefungiwa anahesabu dakika, na ukimdanganya mara moja hatakuamini tena hata ukimwambia mlango umefunguka.

Nami nashuhudia, kwa sababu ndivyo tulivyojuana. Mwaka 1987 nilikuwa nafanya usafi katika jengo la ofisi, na lifti ya mizigo ikanikwamia pamoja na ndoo na fagio zangu. Nilikuwa nimeanza kuimba pambio kwa woga. Nikasikia mtu anagonga. Akauliza ni nani humo ndani, nikasema ni wa usafi. Akasema, "Dada, siwezi kukudanganya, kifaa kimoja kimeungua na kipya kiko mbali. Pindua ndoo ukalie. Na hilo pambio umeliimba juu mno, ubeti wa pili utakushinda." Nikacheka mpaka machozi. Kweli ubeti wa pili ulinishinda. Nilipotoka nilimkuta kijana mwenye mafuta mpaka masikioni, hana hata aibu. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988, na Mungu akatujalia watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja wa kiume. Mwaka 1994 akawa fundi msimamizi. Katika miaka yetu yote sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chai iko njiani wakati sukari haipo. Mara nyingi nilitamani angeujua.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo naomba msikilize kwa upole.

Kuanzia mwaka 2017 marehemu alipata shida ya haja ndogo, akasema ni uzee. Mgongo ukauma, akasema ni gurudumu. Tarehe 6 Novemba 2018, baada ya vipimo vya damu, vya kinyama kilichokatwa na vya mifupa, daktari alituita tukiwa wawili akatuambia ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshatoka kwenye tezi na kuingia kwenye mifupa. Daktari alikuwa binti wa umri wa mkubwa wetu. Alisema kuiondoa yote haiwezekani tena, lakini kuizuia isitembee kunawezekana, pengine kwa miaka kadhaa. Akaandika dawa. Kulikuwa na sindano ya tumboni, ya kila miezi mitatu, na vidonge vya kutangulia sindano na kuendelea pamoja nayo.

Juu ya boksi la vidonge ndipo nilipolikuta neno ambalo sijawahi kulisikia kanisani wala sokoni: antiandrojeni. Mimi nimeishia darasa la saba, nikamwomba muuguzi atueleze kama anavyowaeleza watu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole. Akasema androjeni ni homoni za kiume, zile zinazomletea mwanamume ndevu na sauti na nguvu zake. Hiyo "anti" mbele maana yake ni kupinga. Saratani ya tezi dume, akasema, ni kama mgeni anayekula chakula kimoja tu, na chakula chenyewe ni hizo homoni. Sindano inafunga jiko, mwili usipike tena. Lakini siku za mwanzo jiko linaweza kuwaka zaidi kabla halijazimika, ndiyo maana vidonge vinatangulia. Vyenyewe havizimi jiko. Vinakwenda kukaa kwenye kiti cha mgeni pale mezani, ili hata chakula kikiletwa asipate pa kukaa akala.

Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na mimi ninayekula meza hiyohiyo?"

Muuguzi akamtazama. "Na wewe utashinda njaa kidogo, mzee wangu."

Dawa ilifanya kazi, hilo nataka lisikike. Vipimo vya damu vilishuka, mgongo ukatulia, na kwa zaidi ya miaka mitatu ugonjwa ulikaa pale ulipofungiwa. Lakini yeye alifungiwa nao. Ndevu zilipungua. Nguvu za mikono zikaondoka, na daktari akamkataza kupanda ngazi za chumba cha mashine kwa sababu mifupa ilikuwa dhaifu, hivyo akaacha kazi Machi 2019. Kifua kikajaa kama cha mama anayenyonyesha, kikawa kinamuuma hata shati likigusa. Ya chumbani ni yetu, nitasema tu kwamba tuliendelea kushikana mikono. Machozi yakawa karibu. Alilia kwa taarifa ya habari, akalia kwa kuona mtoto wa jirani amejifunga viatu mwenyewe. Na joto. Lilimjia bila kubisha hodi, kuanzia kifuani kwenda kichwani, uso unakuwa mwekundu, jasho linamiminika shingoni kana kwamba amemwagiwa maji, halafu linaondoka na kumwacha anatetemeka. Mchana na usiku. Ndiyo yale mashuka, jirani yangu.

Akanikataza kusema. Alisema watoto wajue ni mgongo, na watu wa nje wasijue kitu, kwa sababu hataki kutazamwa kifua na wanaume aliowafundisha kazi. Akavaa koti lake zito la kazi kila anapotoka, hata jua la saa sita. Niliahidi. Na mwanamke akiahidi jambo kama hilo, nyumba inakuwa ndogo. Nilifunga mlango nikiosha taulo zake, nikafunga dirisha akilia, na wageni wakija nilikaa katikati yao na yeye nikiongea kuhusu bei ya vitunguu. Watoto waliniona nimebadilika, wakadhani tumegombana. Kaka zangu wakamwekea kikao wakimuuliza amenifanyia nini. Hakuwajibu, na mimi sikumtetea kwa sababu utetezi wote ulikuwa umo ndani ya ile ahadi.

Sehemu moja aliyoendelea kwenda ni ushirika wetu wa sala za asubuhi, katika kile chumba cha nyuma ya kanisa. Mnakijua: madirisha hayafunguki tangu yapakwe rangi, na feni ni la kutazama. Asubuhi moja ya Juni 2019, tukiwa tumepiga magoti, joto likamjia. Na kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri, machozi nayo yakaja. Mwenyekiti wa ushirika, ndugu yetu muuza viatu, alikuwa akipita akiwawekea watu mikono. Akaweka kiganja shingoni kwa mume wangu, akakiondoa haraka.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu anawaka."

Watu wakamzunguka. Wakamshika mabega, wakaona koti limelowa mpaka nje, wakaona machozi, na zile sala zikapanda mpaka vioo vikatetema. Joto lilipoondoka akaanza kutetemeka, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ni Roho. Niliwatazama nikiwa nimepiga magoti upande wa kina mama, nikang'ata kitambaa changu.

Nawaomba msiwacheke wenzetu. Walikuwa wakimwomba Mungu kwa moyo, wakaona kitu ambacho walifundishwa kukitazamia.

Wiki iliyofuata walimkalisha mbele. Wiki iliyofuata hiyo, watu walikuja na leso za kumfuta jasho. Yeye akarudi nyumbani akaniambia hawezi kuvumilia, kesho atasema. Akaenda, akasimama mbele ya wote, akasema, "Ndugu zangu, mimi kuna dawa natumia, ndiyo inayoniletea hili joto." Halafu mwenyekiti akainua mikono, machozi yakimtoka naye, akasema kwamba dawa yetu sote ni Bwana. Chumba kizima kikaitikia.

Alirudi akaketi kitandani na koti lake.

"Mama watoto, nimewaambia ukweli," akasema. "Wamesema amina."

Angetaja dawa ni ya nini wangeelewa. Hapo ndipo ulimi wake ulipokwama, na kila alipokwama, wao waliona unyenyekevu. Alipoacha kwenda walikuja nyumbani kumwombea aliyejaribiwa. Aliporudi walishangilia. Wakampa jina la Moto. Mtu ambaye hakuwahi kuwadanganya watu waliofungiwa kwenye lifti akawa anakaa mbele ya watu kila asubuhi kwa jasho la sindano, nao wanampa utukufu. Alipungua kula. Alisema anajiona kama mwizi aliyepewa ufunguo wa duka.

Siku moja kabla ya kwenda kliniki akaniambia, akitazama ukuta: "Nikiacha sindano, jasho litaisha. Nitakuwa mkweli tena."

"Utakuwa mkweli kaburini," nikamwambia. Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Akaomba nimtolee koti. Tukaenda kuchoma sindano.

Aliyefungua tundu dogo ni ndugu yetu mchomeleaji wa mageti, ambaye yupo hapa leo na ameniruhusu nimtaje. Alikuja nyumbani Jumamosi mchana, Septemba 2021. Akasema ana shida, haja ndogo inamsumbua, anaamka kila mara, na juzi ameona damu. Mke wake anamwambia aende hospitali, lakini yeye amekuja kwa Moto amwekee mikono, hataki watu wa vipimo. Akapiga magoti palepale sebuleni, mbele ya meza ya chai, akainamisha kichwa.

Mume wangu alinitazama. Nikajua anachotaka kufanya, na nikajua kwamba hakuna ninachoweza kumsaidia. Akamwambia, "Kaka, inuka." Akavua koti. Akafungua shati, vifungo vyote, akamgeukia.

Mchomeleaji alitazama kifua kile, akatazama sakafu, akatazama tena.

"Hii ni nini, kaka?"

"Dawa. Nina saratani ya tezi dume. Napewa dawa ya kuzuia homoni, inaitwa antiandrojeni, pamoja na sindano. Jasho mnaloliona ni lake. Hata machozi, mengi ni yake. Ulichonieleza sasa hivi ndivyo nilivyoanza mimi, nikasema ni uzee. Ningewahi, wangeikuta bado iko ndani ya tezi. Mikono yangu haina kitu. Jumatatu nakupeleka mwenyewe."

Halafu mchomeleaji akasema taratibu, "Kaka, mimi nilikufuta shingo kwa leso yangu."

"Nakumbuka."

"Ile leso nilimpa mama yangu. Anailalia, ameiweka chini ya mto."

"Anaumwa nini?"

"Mgongo."

"Anaendeleaje?"

Mchomeleaji akafikiri. "Anasema umepungua."

Mume wangu akaanza kucheka, mwenzake akafuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega, huyu na shati wazi, huyu na machozi ya woga bado shavuni. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu mno. Alipopata pumzi akasema, "Usimnyang'anye, lakini umwambie imetoka kwa mgonjwa."

Jumatatu walikwenda. Ugonjwa ulikuwepo, nao ulikuwa bado haujatoka kwenye tezi. Mchomeleaji alifanyiwa upasuaji, na leo ni mmoja wa waliobeba jeneza, ingawa nilimsihi asibebe kizito.

Baada ya hapo marehemu alitaka kuwaambia wote. Aliwaita kwanza watoto, wakalia, mkubwa akamkumbatia kwa ubavu asimuumize kifua. Halafu tukaenda kwa mwenyekiti. Aliketi kati ya maboksi ya viatu, akasikiliza yote bila kumkatiza. Mwishoni akauliza kwa huzuni kama mume wangu ana hakika Mungu hawezi kupita ndani ya dawa. Mume wangu akasema hana hakika na njia za Mungu, ila ana hakika na sindano. Mwenyekiti akamsihi asubiri, kwa kuwa kuna waliookoka asubuhi ile ya kwanza na bado ni wachanga, wasije wakajikwaa. Akasema, "Ngoja wasimame kidogo." Mume wangu alikuwa mtu wa kungoja aambiwe. Akangoja. Akaendelea kukaa mbele, sasa akijua kwamba mlango hauna kufuli na bado hatoki.

Tulipokuwa tukingoja, ugonjwa haukungoja. Agosti 2022 vipimo vya damu vilianza kupanda. Muuguzi yuleyule akatueleza kwamba wakati mwingine yule mgeni, akikosa chakula kwa muda mrefu, anajifunza kujipikia. Walibadilisha vidonge wakampa aina mpya ya antiandrojeni, vikasaidia miezi michache. Kufikia Februari 2023 miguu ilikataa. Chumba chetu cha kulala ndicho kikawa dunia yake yote: kitanda, kiti cha kuwekea dawa, dirisha linaloangalia ukuta wa muuza maziwa. Kusogea kwenda dirishani kulihitaji watu wawili. Alisema kwa utani kwamba amekwama kati ya ghorofa na fundi mwenyewe ndiye mgonjwa. Nilikaa naye humo. Kuna siku niliona hewa hainitoshi, nikatoka uani nikasimama tu, nikirudia Zaburi mpaka miguu ikubali kurudi ndani.

Aprili mwenyekiti alikuja kumtazama, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba radhi kwa kumngojesha. Walisali pamoja. Joto lilimjia katikati ya sala, na safari hii mwenyekiti alichukua taulo, akamfuta uso na shingo, akauliza dirisha linafunguliwaje. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuhukumu mambo ya rohoni. Siwezi kuapa kwamba Mungu hakuwemo chumbani asubuhi ile ya mwaka 2019, wala kwamba hakuwemo siku mwenyekiti alipouliza dirisha.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa tisa alasiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Maumivu yalikuwa yametulizwa. Kijana wetu alikuwa amemshika mkono, binti wa pili akimsomea Neno. Mara ya mwisho alipofumbua macho aliuliza nani yuko mlangoni. Tukamwambia hakuna mtu. Akasema, "Basi mwacheni wazi."

Ameacha mama mzazi, mwenye miaka themanini na nane, ambaye amesema mtoto hapaswi kumtangulia mzazi na kwamba akifika atamuuliza kwa nini, mdogo wake anayewasomea, mjane, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu wanne, mafundi wengi aliowafundisha kuongea na watu kabla ya kushika gurudumu, na ushirika wa asubuhi, ambao nao ni familia yake, na ambao nawaombea wayapokee haya bila kuona aibu, maana yeye aliwapenda mpaka akaogopa kuwaambia. Kwa wanaume mliovuka hamsini sitasema mengi, ndugu yetu mchomeleaji atakuwa pale kwenye viti vya nyuma, na amesema hachoki kuulizwa.

Mungu ampumzishe mahali pasipo joto wala baridi.

Wiki moja kabla hajafa aliniambia kwamba ile ahadi niliyompa imekwisha, akanishika mkono na kuniomba hivi, nami nimeandika kama alivyosema:

"Siku ya kunizika, msiseme niliugua kwa muda mrefu mkaishia hapo. Someni jina la ugonjwa na jina la dawa. Waambieni lile jasho lilikuwa la dawa. Halafu mkishasema hayo, mniombee, kwa sababu nilitaka sana kuombewa nikiwa mimi."